Monita Mpya Ikikataa Kuonyesha Picha

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi huamini kwamba kitu kipya, kwa kuwa ni kipya, hakiwezi kuwa na kasoro. Wengine huamini kinyume chake, ya kuwa kitu kipya kikikataa kufanya kazi siku ya kwanza, basi kimekufa tangu kiwandani, na dawa yake ni kurudishwa dukani. Katika habari za monita, yaani kile ambacho sisi hapa shuleni hukiita "kioo" tu, makundi yote mawili hukosea mara nyingi. Monita mpya isiyoonyesha picha aghalabu ni nzima kabisa. Ubaya huwa katika waya, au katika tundu ulimochomekwa waya, au katika kompyuta yenyewe, au katika programu iliyomo ndani ya kompyuta.

Jambo hili limetugusa muhula huu. Shule yetu ilipata monita mpya kumi, zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi, zikaunganishwa na kompyuta zetu za zamani ambazo vioo vyake vya kwanza vilikuwa vimechakaa. Saba ziliwaka vizuri siku ile ile. Tatu zilileta taabu: ya kwanza ilikuwa nyeusi kama chungu, ya pili ilionyesha kila kitu kwa rangi ya manjano, na ya tatu ilionyesha picha iliyotanuka yenye ukungu. Fundi mmoja aliitwa, akazitazama kwa muda mfupi, akasema zote tatu ni mbovu. Zikarudishwa katika maboksi yake zikisubiri gari la kwenda mjini.

Katika mkutano wa wazazi mama mmoja alisimama akasema: "Mwalimu wangu, mimi nimeuza choroko zangu ili nilete mchango. Naomba kujua fedha yangu imo katika kioo kinachowaka au katika hicho kilichofungiwa ndani ya boksi." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na Mwalimu hakuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Sisi tunaosoma somo la Kompyuta tulikuwa wanafunzi 31 kwa mashine saba, na mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia. Ndipo Mwalimu wetu wa Kompyuta alipoamua kwamba maboksi yale yafunguliwe tena, nasi tuchunguze wenyewe kabla ya kuyapandisha garini. Alitupa Jumamosi mbili.

Kabla sijaeleza tuliyoyaona, yafaa msomaji aelewe monita inavyofanya kazi, maana asiyejua njia ya kitu hawezi kujua kimepotelea wapi.

Zile monita za chogo za zamani zilikuwa na bomba kubwa la kioo lililopiga chembe za umeme kwenye uso wake. Hizi za siku hizi, zilizo nyembamba, hazifanyi hivyo. Nyuma ya uso wake kuna taa ndogo nyingi zinazotoa mwanga mweupe wakati wote monita inapofanya kazi. Mbele ya taa hizo kuna tabaka la kitu cha ajabu ambacho ni kioevu, lakini kina mpangilio kama wa fuwele. Kitu cha namna hii kiligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliyekuwa akichunguza dutu iliyotokana na karoti. Aliona inayeyuka mara mbili: kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa maji yenye ukungu, na kwa nyuzi 178.5 ukungu ukaondoka yakawa maangavu. Hakuwa na habari kwamba siku moja watu wangesomea humo na kutazama mpira.

Kioevu hicho kikipewa umeme kidogo hugeuza mpangilio wake, na kwa msaada wa karatasi maalumu zilizowekwa mbele na nyuma yake, hupitisha mwanga au huuzuia. Fikiri taa iliyowashwa ndani ya nyumba yenye madirisha madogo mengi sana, na kila dirisha lina pazia lake. Pazia likifunguliwa mwanga hutoka, likifungwa huwa giza, likifunguliwa nusu mwanga huwa hafifu. Kila nukta ya monita, inayoitwa pikseli, ina madirisha matatu ya namna hiyo: moja lina kioo chekundu, moja cha kijani, na moja cha buluu.

Monita zetu zina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata nukta 2,073,600. Zidisha tena kwa tatu, utapata madirisha 6,220,800, na mapazia yote hayo hupangwa upya mara 60 kwa kila sekunde moja. Nilipolifanya hesabu hili niliheshimu kitu ambacho hapo kwanza nilikiona kama televisheni ndogo isiyo na sauti.

Basi, ili picha ionekane, mambo manne sharti yawepo pamoja: umeme uingie katika monita, taa za nyuma ziwake, kompyuta itume picha, na waya ifikishe picha hiyo bila kuipoteza. Anayetengeneza hapaswi kukisia. Yampasa ajiulize ni lipi kati ya hayo halipo, na kulijua si lazima uwe na kifaa cha bei.

Anza na taa ndogo iliyo karibu na kitufe cha kuwashia. Ikiwa haiwaki kabisa, umeme haufiki. Tazama soketi, swichi ya ukutani, ekstensheni, na waya wenyewe kama umesukumwa hadi mwisho. Hili ni jambo dogo, lakini waya mpya huwa mgumu, na mtu huhisi umeingia kumbe umeishia njiani. Ikiwa taa inawaka kwa rangi ya machungwa, au inawaka na kuzima, basi umeme upo lakini monita haipokei picha, nayo imelala. Ikiwa ni ya buluu au nyeupe au kijani, kwa kawaida monita inaona kuwa kuna picha inayoingia. Rangi hizi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo kijitabu kilichomo ndani ya boksi kisomwe badala ya kufanywa cha kuwashia jiko.

Sasa nieleze jaribio ambalo kwangu ni bora kuliko yote. Chomoa ule waya wa picha kutoka kwenye monita, uache waya wa umeme peke yake, kisha washa monita. Monita iliyo nzima itaandika maneno yake yenyewe, kwamba hakuna waya au hakuna ishara. Maneno hayo hayatoki katika kompyuta, maana kompyuta haijaunganishwa. Yanatoka ndani ya monita. Ukiyaona, umejua kwa mara moja kwamba umeme unaingia, taa za nyuma zinawaka, na kioo kinaweza kuchora. Monita kama hiyo haiwezi kuitwa maiti.

Tuliifanyia jaribio hili ile monita nyeusi. Maneno yalitokea katikati ya kioo, meupe, yanasomeka hata kutoka mlangoni. Darasa zima lilinyamaza, kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa Kisukuma kwamba maiti amesalimia.

Kwa kuwa monita ilikuwa hai, tukageukia kompyuta. Kuna njia nyepesi ya kujua kama kompyuta isiyo na picha inafanya kazi: bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi, ukitazama taa yake ndogo. Taa ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko macho, inasikia. Taa isipobadilika, au kompyuta ikitoa milio ya kuhesabika inapowashwa, basi ubaya uko ndani yake, na mara nyingi ni kumbukumbu za RAM ambazo zimelegea au zimeingiwa na vumbi. Yetu iliitikia vizuri. Monita hai, kompyuta hai, na katikati yake giza.

Tukageuza kompyuta nyuma. Ilikuwa na matundu mawili ya picha. Moja lilikuwa juu, pamoja na matundu ya USB na ya sauti; hilo ni la ubao mkuu wa kompyuta. La pili lilikuwa chini, limelala ubavu, katika kadi ya picha iliyoongezwa na mwenyewe wa zamani. Kompyuta nyingi zikiona zina kadi ya namna hiyo hupeleka picha kwenye kadi na kuliacha tundu la juu kimya. Waliounganisha monita walichagua la juu kwa kuwa lilikuwa karibu na waya. Mwalimu alizima kompyuta, akahamisha waya chini, akawasha. Picha ikaja. Jambo lililotangazwa kuwa ubovu wa kiwandani lilikuwa umbali wa kiganja kimoja.

Hapo hapo niongeze kwamba monita nyingi zina milango miwili au mitatu ya kuingizia picha, kama VGA, HDMI na DisplayPort, na nyingine hukaa zikisubiri kwenye mlango mmoja hata kama picha inabisha hodi kwenye mwingine. Dawa yake ni kubonyeza vitufe vya monita yenyewe, kufungua orodha yake, na kuchagua mlango ulio na waya. Vivyo hivyo kompyuta ndogo za kubebea zaweza kuwa hazijaambiwa zitume picha nje; bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, kisha uchague picha irudiwe kwenye vioo vyote viwili.

Monita ya pili, ile ya manjano, ndiyo iliyonipendeza zaidi, kwa sababu ilitufundisha Fizikia bila kukusudia. Ilikuwa inaonyesha, lakini karatasi nyeupe ilikuwa ya manjano kama ua la alizeti, na sehemu ya buluu ya bendera ya Taifa ilikuwa ya kijani.

Mtu aliyezoea rangi za maji hujua kwamba buluu na manjano ukizichanganya hupata kijani, na huiona manjano kuwa rangi ya asili. Katika mwanga si hivyo. Mwanga mwekundu na wa kijani vikikutana, jicho huona manjano. Kijani na buluu hufanya samawati. Nyekundu na buluu hufanya rangi ya zambarau nyekundu. Zote tatu kwa pamoja hufanya nyeupe. Kwa hiyo, mahali panapopaswa kuwa peupe pakiwa pa manjano, hesabu ni ya kutoa: nyeupe imetolewa buluu. Rangi ya buluu ilikuwa imepotea njiani. Kama kioo kingekuwa cha samawati, tungeitafuta nyekundu. Kama kingekuwa cha zambarau, tungeitafuta kijani.

Imepotea wapi? Waya wetu ulikuwa wa VGA, mfumo ulioletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, nao una nafasi za sindano 15 zilizopangwa kwa safu tatu, tano tano. Sindano ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Kabla ya kutazama sindano, Mwalimu alitutaka tuthibitishe kwamba ubaya uko katika waya. Tulibadilishana waya na monita ya jirani iliyokuwa nzima, bila kugusa kitu kingine. Manjano yakahama pamoja na waya. Kama yangebaki kwenye monita ile ile, tungejua ni monita, na kama yangebaki kwa kompyuta ile ile, tungejua ni kompyuta.

Njia hii ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ndiyo ambayo fundi wetu hakuitumia. Wako watu ambao, kifaa kikiwashinda, hubadilisha waya, soketi, mashine na mpango wote kwa pamoja. Kikiwaka hawajui ni nini kilichoponya, na kesho kikizima huanza upya. Sitaki kumlaumu mno mtu aliyekuja katika jua la saa nane, lakini alikuwa na waya saba nzima mezani mbele yake, na kujaribu mmoja wao kungemchukua dakika moja.

Tulipoutazama ule waya kwa tochi ya simu, sindano ya tatu ilikuwa imelala chini kabisa. Bila shaka mtu alilazimisha kichwa cha waya kiingie kikiwa kimegeuka. Tuliinyosha polepole kwa ncha ya kalamu tupu iliyotolewa mrija wa wino: unaivisha sindano kwenye tundu la ncha, unainua taratibu mara moja tu, maana ukiinua na kulaza mara nyingi itakatika. Msomaji akumbuke pia kwamba katika waya nyingi za VGA sindano ya 9 haipo tangu kiwandani. Pengo hilo si ubovu. Tena zile skurubu mbili za pembeni zifungwe kwa vidole. Hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Waya wa VGA ni mzito, na usipofungwa huinama kwa uzito wake, ndipo rangi huanza kuja na kutoweka kila meza inapotikiswa.

Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, una sindano 19 na hupeleka picha kwa tarakimu. Kwa sababu hiyo ukiwa mbovu kwa kawaida hauleti rangi moja iliyofifia. Huleta vinyota vinavyometameta, au picha inayokatika na kurudi, au giza tupu.

Monita ya tatu ilitusumbua Jumamosi nzima. Picha ilionekana, rangi zilikuwa sahihi, lakini herufi zilikuwa na ukungu, na duara lililochorwa lilionekana kama yai lililolazwa. Tuliupima kwa rula: kimo chake sentimeta 9, upana wake sentimeta 12.

Vipimo hivi viwili vilitosha kutoa siri. Kompyuta ilikuwa inatuma picha ya nukta 1,024 kwa 768, ambayo ni uwiano wa 4 kwa 3, nayo monita ni ya 16 kwa 9. Ili kuijaza nafasi yote, monita ilivuta picha kwenda pembeni. Gawanya 16/9 kwa 4/3, jibu ni 4/3. Na sentimeta 9 mara 4/3 ni 12. Ukungu nao ulikuwa na sababu hiyo hiyo. Nukta moja ya kompyuta haikuweza kulala juu ya nukta moja ya monita, bali ilitandazwa juu ya nukta moja na sehemu. Kila monita nyembamba ina idadi yake moja ya nukta, na nje ya idadi hiyo haiwezi kuwa kali.

Lakini kwa nini kompyuta ilituma picha ndogo? Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo inayojieleza: mimi ni wa aina fulani, nina nukta kadha wa kadha. Katika VGA maelezo hayo hupita kwenye sindano za 12 na 15. Waya wa bei rahisi ukikosa nyaya hizo, kompyuta haimjui mgeni wake, nayo hukisia. Tulibadilisha waya, ukungu ukabaki. Tukaipeleka monita kwenye kompyuta nyingine. Ikaonyesha kwa ukali na duara likawa duara. Basi ubaya ulikuwa katika kompyuta.

Tulipofungua orodha ya vifaa katika mpango wa Windows, tuliona kwamba kadi ya picha ilikuwa inaendeshwa na ile draiva ya msingi ambayo Windows huitumia inapokosa draiva halisi. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa chake. Kompyuta ile ilikuwa imewekewa Windows upya wakati wa likizo, na draiva haikurudishwa. Mwalimu aliandika jina na namba ya kompyuta kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, akaitafuta draiva yake kwa bando la simu yake mwenyewe, akaileta kwenye flashi. Baada ya kuiweka na kuwasha upya, nafasi ya kuchagua 1,920 kwa 1,080 ilitokea, nayo ikachaguliwa. Nashauri draiva itafutwe kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mkupuo, nyingi huleta takataka pamoja nazo.

Yuko mwalimu mmoja mtu mzima ambaye, baada ya kazi hiyo, alilalamika kwamba herufi sasa ni kali lakini ni ndogo, akaomba turudishe kama zamani. Hapana haja ya kupunguza nukta. Katika mipangilio ya kioo kuna mahali pa kukuza maandishi, asilimia 125 au 150, nazo nukta zikabaki zilivyo. Alipokuziwa hadi 125 alisoma orodha ya alama zetu bila miwani, jambo ambalo wengine wetu hatukulifurahia.

Monita ikiandika kwamba picha iko nje ya kipimo chake, maana yake kompyuta inatuma nukta nyingi mno au inazipanga upya mara nyingi mno kwa sekunde. Iwashe kompyuta kwa ile njia ya usalama, upunguze, uchague mara 60.

Sasa niseme juu ya umeme, maana wengi walisema kioo chetu cheusi kiliuawa na umeme wa jioni, ule unaofifia wakati kila nyumba imewasha taa. Monita nyingi za siku hizi zimeandikwa nyuma yake kwamba hukubali volti 100 hadi 240. Kufifia kwa kawaida hakuziui. Kinachoua ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na radi za masika. Ukikatika, zima swichi ya ukutani, ungoje utulie. Wingu likianza kunguruma, chomoa kabisa.

Jambo la hatari zaidi, nalo halisemwi sana, ni adapta. Monita nyingine hupata umeme kwa adapta ya nje, na vichwa vya adapta hufanana. Ya volti 19 huweza kuingia vizuri kabisa katika tundu la monita inayotaka volti 12. Soma karatasi iliyo kwenye adapta, kisha soma maandishi yaliyo nyuma ya monita. Volti sharti ziwe sawa. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi. Alama za chanya na hasi katika kichwa zilingane nazo.

Je, hakuna monita mpya iliyo mbovu kweli? Zipo. Ikiwa lile jaribio la kuchomoa waya wa picha halileti maneno yoyote ingawa taa inawaka, zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni kwa karibu. Ukiona picha hafifu mle gizani, mapazia yanafanya kazi ila taa za nyuma zimekufa. Mstari mmoja mwembamba usiohama, unaoonekana hata katika maneno ya monita yenyewe, ni ubaya wa kioo. Ufa wenye doa jeusi kama wino umetokana na kubanwa au kuangushwa. Nukta moja nyeusi, au moja inayowaka kijani siku zote, ni pikseli iliyokufa au iliyonasa. Watengenezaji wengi hawakubali kubadilisha monita kwa nukta moja au mbili. Haya ndiyo ya kurudisha dukani, pamoja na risiti ya EFD, karatasi ya dhamana, boksi, na vile vitu vyeupe vyepesi vya kukingia. Tena yapimwe mapema, ikiwezekana siku ile ile ya kununua, mbele ya mwuzaji.

Asifungue mtu monita. Kuna vihifadhi vya umeme ndani yake ambavyo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Umeme wetu wa volti 230 kilele chake ni kama volti 325, na hizo ndizo zinazokungojea humo.

Mwisho ni vumbi. Atokaye pwani hajui vumbi la kiangazi la Didia, linaloingia hata katika daftari lililofungwa. Kioo kifutwe kikiwa kimezimwa, kwa kitambaa laini cha pamba kilichochakaa, chenye unyevu kidogo tu wa maji safi. Katika nchi ya pamba hatuwezi kusema kitambaa hicho kimekosekana. Maji yasipulizwe juu ya kioo, maana hutiririka hadi ukingo wa chini na kuingia ndani. Spiriti, petroli na sabuni ya unga huharibu tabaka la juu. Usibonyeze kwa kidole ukitaka kumwonyesha mwenzako, tumia kipanya.

Wazazi wetu wengi hawakukutana na vifaa hivi shuleni. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, hata katazo hilo likaja kuondolewa baadaye. Kwa hiyo mzazi akiuliza swali kuhusu kioo alichokichangia, ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Monita kumi zote sasa ziko mezani. Tumefungua daftari la maabara lenye safu nne: tarehe, namba ya mashine, kilichoonekana, na kilichobadilishwa. Kila waya umefungwa kipande cha plasta chenye namba ya mashine yake, na lile tundu la juu katika ile kompyuta yenye kadi limezibwa kwa karatasi ngumu. Yule mama wa choroko alialikwa siku ya kufunga muhula. Alikalishwa mbele ya kile kilichokuwa cheusi, akaandikiwa jina lake kwa herufi kubwa, akaliangalia kwa muda, kisha akauliza kwa nini herufi moja imekosewa.